Hatua Kumi na Moja za Korido

Kaka yangu ni fundi friji, na mtaa mzima unamwita Barafu. Mimi ni fundi cherehani, siwezi kukaa kitako dakika tano bila kushika kitu, na kwa miaka sita nimekuwa nikimwambia kwamba anapoteza muda. Akishamaliza kujaza gesi kwenye friji za watu, Barafu hutengeneza filamu za kutisha kwa simu yake. Ukisikia za kutisha, usidhani kuna damu. Hakuna damu, hakuna jini, hakuna mtu anayekimbizwa. Kuna mlango uliokuwa umefungwa. Ukiutazama tena, uko wazi vidole vitatu. Basi.

Mara ya kwanza nilimuuliza kama filamu yenyewe ndiyo hiyo au bado inakuja. Akanijibu kwamba friji ikinguruma huisikii, utaisikia siku itakaponyamaza, na yeye anataka kumtisha mtu kwa kitu kilichonyamaza. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ila mchana huohuo, nikiwa peke yangu nashona, pazia langu lilisogea kidogo. Niliinuka nikalibana ukutani kwa pini kumi na mbili. Sikumwambia.

Mwaka huu akapata bahati. Maktaba ilikuwa inaonyesha filamu fupi Jumamosi mchana, na yake ikakubaliwa kabla hata haijakamilika. Ilibaki sehemu moja tu: mzee ameketi mezani, anasikia hatua kumi na moja kwenye korido, kisha mlango unafunguka vidole vitatu. Mzee huyo alikuwa aigizwe na kinyozi wetu, lakini Alhamisi kinyozi akapigiwa simu kwamba mkewe amejifungua, akatuacha kwenye mataa. Barafu alizunguka nyumba nzima kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe akamwendea Baba.

Mama alifariki mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, na tangu siku ya mazishi Baba hakuwahi kumtaja. Tukianza habari zake, anakumbuka ghafla kwamba redio inahitaji betri. Hakuwa mkali, alikuwa amejifunga tu, na mimi jambo hilo lilinikera kuliko ukali. Nilitaka aseme neno moja kuhusu Mama, hata la kulalamika. Ningekuwa radhi hata alie.

Alipoombwa kuigiza, aliuliza kama kazi ni kukaa tu. Tukamwambia ni kukaa na kusikiliza. Akasema hiyo anaiweza.

Jiko letu ndilo chumba cha kulia, kwa hiyo Barafu alizima friji ili simu isinase mngurumo. Kisha akaweka ufunguo wa pikipiki yake ndani ya friji, pale pa mayai. Ndiyo desturi yake: hawezi kuondoka bila ufunguo, kwa hiyo hawezi kusahau kuiwasha tena. Mimi nikapelekwa nyuma ya mlango, kwenye korido, nipige hatua. Peku sikusikika. Kwa viatu vyangu, kaka akasema, nasikika kama askari wa gwaride. Nilikuwa na sare nane za shule zinanisubiri na roho ilikuwa juu juu, nikafungua kabati la mwisho wa korido nikavaa kandambili za kwanza nilizozishika.

Zilikuwa za Mama. Ya kushoto ilikuwa imefungwa waya kwenye kamba, lazima uiburute kidogo isikuchomoke. Naapa sikufikiria. Nilifikiria sare.

Nikatembea. Paa, shrr. Paa, shrr. Nilipofika hatua ya saba, Baba akasema, bila hofu yoyote:

"Umechelewa leo."

Hakuandikiwa neno lolote. Nilimalizia zile hatua kwa sababu miguu haikujua ifanye nini kingine, nikafungua vidole vitatu. Kwenye ule mwanya niliuona uso wa Baba, uso wake wa zamani, ukiutazama mlango.

Tulikwenda kugombana uani kwa kunong'ona. Nilimtaka Barafu aifute, kwa kuwa ile haikuwa kuigiza. Alisema hawezi, machozi yakimlengalenga. Baba akatokea, akaomba aone. Alitazama mara mbili, akiwa amesimama, akasema tuiache, akaenda chumbani kwake.

Jumamosi hakuja. Ukumbini hakuna aliyepiga kelele wala kucheka. Mama mmoja kando yangu aliuokota mkoba wake sakafuni akaukumbatia, akabaki hivyo hadi taa zilipowashwa. Barafu alifurahi sana, na mimi nilimfurahia. Lakini sikulala vizuri.

Jumatatu mchana niliingia jikoni kunywa maji. Friji ilikuwa kimya. Nilidhani umeme umekatika, kumbe taa ya cherehani yangu bado inawaka kule chumbani. Nikaifungua friji. Pale pa mayai palikuwa na miwani ya Baba. Mwenyewe alikuwa ameketi mezani akiuelekea mlango, na kandambili zilikuwa zimepangwa vizuri kizingitini.

Nikamwambia Baba kwamba Barafu yuko kazini.

"Najua," alisema. "Wewe upo."

Nikazivaa, nikafunga mlango, nikaenda mwisho wa korido. Paa, shrr. Paa, shrr. Hatua ya saba akasema nimechelewa leo, na safari hii hakuishia hapo. Alisema bomba la uani limeziba tena. Alisema shati la bluu amelitafuta hadi amechoka. Alisema kijana ana kipaji, na binti anafanya kazi mno, hali chakula. Alisema usiku anajibana upande wake wa kitanda kama zamani. Nilifika hatua ya kumi na moja nikasimama nikimsikiliza, mkono kwenye kitasa.

"Mbona huingii?" akauliza Baba.

Mwaka mzima nilitaka azungumze, na sasa alikuwa anazungumza. Niliogopa kufungua, maana nikifungua angeona ni mimi tu.