Posa Tuliyoipeleka kwa Treni ya Kwanza

Shemeji yangu Jenipha huwaambia wageni kwamba yeye ni mke mdogo. Mke mkubwa, anasema, yuko Malampaka, amelala chini mchana na usiku, na mwili wake ni vyuma viwili. Wageni hucheka. Kaka yangu Mboje hacheki, kwa sababu haoni kilichokosewa.

Mboje ana miaka sitini na moja. Ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi, na mikono yake haina mashaka. Tatizo liko kichwani, na lilianza alipokuwa na miaka tisa, siku baba alipompandisha juu ya lori la pamba kutoka kwetu Nkoma mpaka stesheni ya Malampaka. Huko akaona treni kwa mara ya kwanza. Baba alipomaliza shughuli zake alimkuta kakaa juu ya jiwe, anahesabu kwa vidole mabehewa ya treni iliyokwisha kuondoka. Alichapwa palepale, na haikusaidia.

Walipoanza kujenga reli mpya ya umeme, ugonjwa ukapanda. Kila mwezi alipanda pikipiki kwenda kuikagua, utadhani kaajiriwa. Msibani watu wanalia, yeye anamweleza mfiwa upana wa njia. Mimi Justina, mdogo wake wa kumfuata, nimemwonea aibu mara nyingi kuliko nilizosali rozari.

Pamoja na hayo yote, ndiye aliyemlea Elia. Elia ni mtoto wa mdogo wetu Deogratias, aliyefariki mtoto akiwa na miaka minne. Mboje alimchukua, akamsomesha mpaka akawa afisa mifugo, na Elia hajawahi kumwita baba mkubwa, humwita baba. Sasa Elia alikuwa amempata binti, Nancy, muuguzi wa Shinyanga. Na binti huyo naye alilelewa na baba yake mkubwa, katekista Nkinda, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yake.

Tulipeleka posa mara ya kwanza mwezi wa tatu, kwa gari la kukodi. Tulikuwa watatu: Mboje, mimi shangazi wa kijana, na binamu yetu Jilala, mkulima wa Nkoma, ambaye ndiye mshenga kwa sababu anajua kusema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari lilizama kwenye tope kabla hatujafika Maswa, tukasukuma mpaka kiatu kimoja cha Jilala kikabaki humo. Tuliahidi saa nne asubuhi, tukafika saa tisa alasiri, tumepakwa udongo hadi kwenye nyusi.

Katekista Nkinda alitupa maji ya kunawa, akatupa chai, wala hakutupa neno. Tulipoaga ndipo aliposema.

"Mimi napiga kengele ya kanisa mwaka wa thelathini na moja huu. Saa sita ya mchana sijaichelewesha hata siku moja. Nawapa nafasi nyingine, na siku mtachagua wenyewe. Lakini kengele ya saa sita ikilia, muwe mmeshafika. Ikilia hamjafika, msirudi tena. Binti ana watu wengine wanaomuulizia."

Elia tulimweleza usiku huohuo. Alikwenda uani, akaanza kufua nguo zilizokuwa safi.

Mwezi wa nane ikatangazwa siku ya treni mpya kuanza kubeba abiria. Kaka alikuja kwangu anatetemeka kama mwenye homa.

"Justina, tumepona! Inaondoka Malampaka saa nne kamili. Saa tano tuko Shinyanga. Tunabaki na saa nzima ya kunywa soda."

Jilala aliitwa, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Siku ya kwanza, ngosha? Na umeme wenyewe huu?"

"Ule una njia yake."

"Hata wa kwangu una njia yake, na jana nimekula ugali gizani."

Tulibishana siku mbili. Mwishowe Mboje akasema jambo ambalo halisemwi ovyo. "Tukichelewa kwa sababu ya treni, nivueni ubaba. Elia atafute mzee mwingine wa kumsemea." Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na nauli nikalipa.

Tulilala Nyalikungu kwa ndugu, na saa moja asubuhi tulikuwa stesheni. Malampaka nzima ilikuwa pale, na vijiji vyake. Treni ilikuwa imesimama, ndefu, safi, pua imechongoka. Mboje alivua kofia. Akatuonyesha nyaya, akatuonyesha magurudumu, akatutajia uzito wa kila behewa, na watu wasiomjua wakamsogelea wakidhani ni ofisa. Kwa kweli nilimwonea fahari kidogo.

Lakini mtu anaweza kujua kila kitu na bado akapitwa na kimoja. Kaka alijua volti na alijua mwendo. Hakujua kwamba siku ya uzinduzi treni haiendi kwa ratiba. Inakwenda kwa mgeni rasmi. Mtoto yeyote aliyewahi kupangwa juani kupunga bendera angemwambia.

Saa nne ikafika, mgeni rasmi hajafika. Saa nne na nusu kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zake zote, ikaanza upya. Saa tano akaja, na hapo ndipo zikaanza hotuba. Kila msemaji alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia mwenyewe, jina kwa jina. Jilala alikuwa anapiga mluzi mdogo, nami nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Utepe ulikatwa saa sita kasoro dakika kumi.

Treni yenyewe sina la kuilaumu. Iliondoka kimyakimya, kisha mashamba yakaanza kukimbia, watu wakashangilia, mama mmoja akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mboje alikuwa amekaa dirishani, kiti alichokipigania kwenye simu wiki nzima. Alitazama saa yake mara moja. Mishale yote miwili ilikuwa juu. Akafumba macho, akaweka mikono katikati ya magoti.

"Kaka," nikamwambia, "wanasema sasa tuko mia na sitini. Tazama basi."

"Niache, Justina."

Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Alikuwa anasali. Simu yake ikaita, akaona jina la Elia, akanipa mimi. Nilimdanganya mtoto kwamba mambo ni mazuri. Yale maneno yangu makali niliyameza, na yalikuwa machungu kweli. Miaka hamsini na mbili mtu kangoja kupanda kitu kama hicho, kisha anakipanda kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Tulishuka Shinyanga saa sita na nusu na dakika tatu. Hapo napo kulikuwa na umati, tukapita tukisukumana. Jilala aliuliza kama tupande gari la kurudi moja kwa moja, ili tusiende kufukuzwa mlangoni. Mboje akasema hapana, ataingia aombe msamaha kwa mdomo wake. Ndipo nikaona mtu mzima, mwenye koti la Jumapili, kasimama juu ya benchi, shingo kairefusha, mdomo wazi, anaitazama treni. Wazee wawili walikuwa wamemshikilia miguu asianguke.

Alikuwa katekista Nkinda.

Naye akatuona. Aliteremka polepole, akapangusa koti ambalo halikuwa na vumbi. Swali lilinipanda mpaka kwenye meno: kama wewe uko hapa, kengele ya saa sita kapiga nani? Nilimwona Jilala naye anafungua mdomo. Nikamkanyaga kiatu kipya.

"Mwadila, banamhala," katekista akatusalimu kwa Kisukuma, nasi tukaitikia. "Nimekuja kuwapokea wageni wangu."

Sasa kaka yangu hajui kudanganya, na hajui mtu akidanganya. "Lakini tumechelewa, katekista," akasema. "Saa sita imepita. Kosa ni langu peke yangu, mtoto hana hatia, na mimi..."

"Kengele umeisikia?"

Mboje alifikiri kwa haki kabisa. "Hapana."

"Nilisema kengele ikilia. Imelia?"

Mzee mmoja nyuma yake akakohoa, akageukia pembeni.

"Haijalia," Nkinda akasema. "Na mgeni aliyepokelewa na mwenyeji wake, huyo ameshafika. Twendeni nyumbani."

Kwa furaha nilimshika mkono Jilala, ambaye bado alikuwa anauguza kidole. Mboje alilia waziwazi mbele za watu, na hakuna aliyemcheka. Tulipofika kwao katekista alituketisha sebuleni, akaomba udhuru, akatoka mbiombio kuelekea kanisani. Tukiwa tumekaa, soda mkononi, tukaisikia kengele ya saa sita ikilia saa saba na robo. Hakuna aliyetazama saa yake.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, Jilala alisema kama aliyezaliwa kusema. Katikati ya hesabu ya ng'ombe, Nkinda akashindwa kujizuia, akamwinamia kaka.

"Hebu niambie. Ndani kukoje?"

"Sijui," Mboje akajibu. "Nilifumba macho. Nilikuwa namwombea kijana."

Katekista alirudisha mgongo kitini. Alikuwa ameshasikia kutoka kwa Nancy habari za mzee wa Bariadi na wazimu wake wa treni. Baada ya hapo hakubishia ng'ombe hata mmoja, na chai ilipoletwa tulikuwa tumeshapeana mikono.

Treni ya kurudi tuliipanda saa kumi alasiri. Kaka alikaa dirishani, akaniambia sasa ataangalia kila kitu, nisimsemeshe. Hatujatoka hata mjini, kichwa kikamwangukia begani kwangu, akakoroma. Nilitaka kumwamsha. Kisha nikakumbuka Jenipha alivyoniambia kwamba usingizi ulikuwa haujamshika usiku wa tatu huo, nikamwacha. Nilimwegemeza vizuri, bega likafa ganzi mpaka Malampaka, na sikulinung'unikia.

Alizinduka treni ikisimama. Nje jua lilikuwa bado kali, na miongoni mwa watu alikuwapo Elia. Alikuwa ameendesha pikipiki kutoka Bariadi, vumbi tupu, kofia ya pikipiki ameikumbatia kifuani. Mboje alishuka, akapita kichwa cha treni karibu kabisa bila kukitupia jicho, akaenda moja kwa moja kwa kijana.

"Nancy anakusalimu," akamwambia. "Amesema mpange siku."

Elia alimshika baba yake mabega, wakasimama hivyo. Mimi nilitazama pembeni nikajifuta kwa khanga.

Kisha kaka akajitoa taratibu, akanipa mkoba wake, akanyoosha koti.

"Nishikieni hapa," akasema. "Inalala hapahapa Malampaka leo. Naenda kuiangalia."