Bwana Chen Aliponiita Panya

Nilikuwa nawapikia mafundi wa Kichina waliokuwa wakitengeneza barabara ya kule Kombewa. Asubuhi moja mkubwa wao, Bwana Chen, aliniuliza mwaka wangu wa kuzaliwa. Nilipomwambia, akapiga makofi.

"Mama Atieno, wewe panya! Panya kabisa!"

Wiki hiyo mchele ulikuwa umepungua stoo. Basi mimi nikajua naitwa mwizi. Niliacha sufuria motoni nikaenda zangu nyumbani nikilia.

Kesho yake nilirudi na mchungaji wetu. Mbele ya wafanyakazi wote nikamwaga kapu langu chini, leso na viazi vitamu vikatawanyika.

"Haya, tafuta mchele wako!"

Bwana Chen alitazama viazi, akanitazama mimi. Kisha akaleta kalenda yenye picha za wanyama kumi na wawili.

"Kwetu kila mwaka una mnyama wake. Wewe mwaka wa panya. Panya ana akili, anajua kuweka chakula." Akajigusa kifua. "Mimi nguruwe."

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiokota viazi, uso unaniwaka, Bwana Chen aliponinyooshea ufunguo wa stoo.

"Jana nilitaka kukupa hii, Mama. Ukakimbia."