Tulifungiwa Ndani Tufundishwe Haki Zetu

Siku ya kwanza maishani kufundishwa haki za binadamu, nilikuwa nimefungiwa ndani kwa kufuli.

Sitanii. Kaa nikusimulie.

Nafanya kazi kiwanda cha nguo. Nashona mifuko ya mashati, basi. Wifi yangu, mke wa kaka, anashona kola meza ya nyuma yangu.

Wifi ana mtoto mchanga asiyetaka chupa. Ukimpa anaitema na kukutazama kama umemtukana. Kwa hiyo kila mchana jirani humleta getini, wifi anatoka, anamnyonyesha akiwa ameegemea ukuta, kisha anarudi mbio mashineni.

Siku hiyo, mapumziko yamekaribia, msimamizi wetu akazima mashine. Tunamwita Mkasi, maana hakuachi umalize sentensi.

"Wote ukumbini! Kuna semina."

"Bosi, mtoto wangu atakuja..."

"Mtoto hajaajiriwa hapa. Twende!"

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki na bango kubwa: ELIMU YA HAKI ZA BINADAMU KAZINI. Mkasi akatuagiza tupige makofi kila mgeni akinyamaza, na asitoke mtu mpaka picha zipigwe.

Akatoka yeye. Nikasikia kufuli. Klak.

Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Akaanza na uhuru. Akasema hakuna anayeruhusiwa kumzuilia mwenzake ovyo ovyo.

Akanyamaza. Tukapiga makofi.

Ndipo tukamsikia mtoto. Ng'ambo ya ukuta, getini.

Wifi akanyanyuka, akagonga mlango taratibu. Mkasi akajibu kwa nje, meno yamebana: "Kaa chini! Unatuaibisha kwa wageni."

Wifi akarudi kukaa. Maziwa yalishaanza kulowesha sare yake. Akakunja mikono kifuani, macho chini.

Mbele kule mkufunzi anasema, "Sasa tuje kwa haki za mama anayenyonyesha."

Jamani!

Mimi si mtu wa kelele. Ukinikanyaga, samahani naomba mimi. Nikajiambia, huenda mkufunzi hajui kuwa tumefungiwa. Huenda Mkasi ataingiwa na huruma. Nikasubiri. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka, ikabaki mkwaruzo.

Nikanyoosha mkono.

"Uliza, dada."

"Mtoto anayelia nje ni wa huyu hapa. Amekuja kunyonya."

"Si atoke tu akamnyonyeshe?"

"Mlango una kufuli, mama."

Akacheka kidogo. Akatutazama, akaona hakuna mwingine anayecheka. Akaenda mlangoni, akasukuma. Akasukuma tena kwa bega.

Akatugeukia, sauti ya upole imekwisha. "Na ninyi, wasimamizi wazima, mnakubali jambo hili?"

Tukatazamana.

"Wasimamizi gani?" nikauliza.

"Si ninyi?"

"Mimi nashona mifuko. Huyu kola. Yule pale vifungo."

Mama akashika kiti.

"Mimi nimeitwa kufundisha wasimamizi," akasema polepole. "Wanunuzi wa mashati walisikia kuwa watu hapa wanafungiwa ndani. Wakasema wasimamizi wafundishwe, la sivyo hawanunui tena. Sasa wako wapi?"

"Nje," akajibu wa vifungo. "Ndio waliotufungia."

Hebu nielewe. Makosa yao, darasa letu. Walitutuma tukawakalie semina, kama mtu anavyomtuma mwenzake akamnunulie sabuni! Na makofi tukawapigia.

Mama akaushindilia mlango ngumi. "Fungua!"

"Bado picha, mama..."

"Fungua, au nawapigia wanunuzi simu sasa hivi!"

Kufuli likafunguka. Wifi akapita katikati ya wasimamizi kama upepo, hakusalimu mtu. Nikamfuata. Mtoto alikuwa amelala kwa kuchoka kulia, mgongoni kwa jirani. Wifi akaketi chini juani, akamwamsha, na yule mtoto akanyonya huku ana kwikwi. Wifi naye analia.

Unajua Mkasi alisema nini? "Haya, mama mkufunzi, tupige basi picha ya pamoja."

Mama alimwonyesha kiti.

Wasimamizi wakaketi wote, mmoja mmoja, tukiwatazama kupitia mlango ulio wazi. Mkasi alinyoosha mkono aseme jambo, akakatizwa. Natamani ningesema niliridhika. Sikuridhika. Hadi leo nikikumbuka ile sare iliyolowa, damu inachemka.

Ninyi mnaoandaa semina hizi viwandani, maofisini na mashuleni, kabla hamjafungua mdomo, ulizeni nani amekaa kwenye viti, na nani amebaki nje.

Msidhani sisi ndio tunaokosa elimu. Mtoto wa wifi yangu hata meno hana, na haki yake anaijua. Aliidai mpaka sauti ikamwisha.