Kioo Nilichokisugua Mwenyewe

Jamani, mkasa huu sijawahi kuusimulia bila kutazama chini, maana aibu yake hakuniletea mtu, niliitafuta mwenyewe kwa mikono hii miwili, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Enzi zile za Mwingereza nilikuwa na chumba cha kupigia picha pale mtaa wa Gongoni, na kamera moja tu, ya macho mawili: jicho la chini ndilo linalopiga, la juu ni la kutazamia, na nyuma yake kuna kioo kidogo kinachokuletea sura ya mtu, wewe unainama kuitazama kama anayechungulia kisima. Basi kile kioo kikaanza kufifia, kikawa cha manjano, kila mtu nikamwona kama amekaa nyuma ya moshi wa kuni. Nikampelekea Bwana Nassoro, Mwarabu fundi saa. Akakitazama akasema, "Hamisi, hiki usikiguse. Fedha yake imepakwa kwa mbele, si kwa nyuma kama kioo cha nyumbani, ukisugua imekwenda. Niachie niagize kingine Dar es Salaam, mwezi mmoja tu."

Mwezi mmoja! Na Jumapili ile Anselmi, kijana wa mtaa wa Cheyo, alikuwa anapewa upadri kule seminari ya Kipalapala, na mpiga picha ni mimi. Mama yake, Bibi Kalunde (mjane, kifua kinamsumbua, macho yameshaingia ukungu), alinishika mkono akaniambia hana haja nyingine duniani ila picha moja na mwanawe kabla hajapelekwa misheni ya mbali. Ningesema kamera ni mbovu wangetafuta mtu mwingine, lakini ningesemaje, nami nilishatamba mji mzima kwamba kazi ya padri ni yangu?

Nikachukua pamba na spiriti, nikasugua. Ule umanjano ukatoka kweli, na fedha ikatoka nayo, nikabaki na kipande cha kioo cheupe kama cha dirisha. Nikakaa chini (mke wangu alidhani nimeletewa habari ya msiba). Kisha nikakivunja kioo cha mke wangu cha kujitazamia, nikakata kipande, nikakibandika kwa gundi ya seremala, na loo, kiling'aa! Sikujua kwamba kioo kile ni kinene na kimekaa upande, kwa hiyo jicho la juu sasa linanidanganya, na ninachokiona mimi sicho kinachopigwa na jicho la chini.

Jumapili nikapiga kwa madaha yote, nikiwapanga wazee kama askari. Dawa za kusafishia filamu zilikuwa zimeniishia, nikaituma Mwanza kwa rafiki yangu. Bahasha ikarudi kwa treni siku ileile ya kumuaga padri, ambaye jioni alikuwa anapanda treni ya Kigoma, nami nikaichukua stesheni, moja kwa moja hadi Cheyo, sikuifungua (nilitaka kuifungua mbele za watu, mnaona ujinga huo?).

Picha ya kwanza ikapita mikononi. Shangazi wa padri akauliza, "Na huyu asiye na kichwa ni nani?" Ua zima likacheka. Ya pili, hana kichwa. Ya tatu, ukungu mtupu. Walicheka mpaka ilipofika ile ya mama na mwana, padri amekatwa shingoni, mama kama moshi uliokaa kwenye kiti. Hapo hakucheka mtu.

"Nami nipeni nione," akasema Bibi Kalunde. Akaisogeza mpaka puani. "Sioni. Macho haya yamenimaliza. Hamisi mwanangu, imetoka vizuri?"

Nikasema, "Imetoka, mayu, mama yangu. Imetoka safi kabisa."

Akaikumbatia kifuani, akicheka kama msichana.

Padri akanivuta nje. "Kwa nini umemwambia vile?"

"Padri, nawe ulinyamaza."

"Nilinyamaza," akasema, "na nitaungama. Wewe je, utamwambia?"

Nikasema nitamwambia. Akaondoka.

Bibi Kalunde akaitia picha ile fremu, akaitundika sebuleni, na kila mgeni anaambiwa, "Mtazame mwanangu alivyopendeza," na kila mgeni, Mkristo kwa Mwislamu, anajibu, "Amependeza, mama." Cheyo nzima ikajifunza kusema uongo kwa ajili yangu. Nilikwenda mara tatu nikamwambie, na mara tatu nikanywa uji wake, nikaaga. Mara ya nne nikakuta mikeka imetandikwa nje na wanawake wanalia.

Shangazi yule akaniuliza, kwa upole ulioniua zaidi kuliko matusi, kama ninayo picha nyingine ya marehemu, yenye sura, padri apelekewe. Sikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo.

Nimeapa, na kiapo nimekishika: kifaa kikiharibika nampa anayekijua, na mtu akija namwambia usoni, "Leo sina kamera, ndugu yangu, nenda kwa mwingine." Wengine hunicheka, wengine huondoka wakinitukana. Waondoke tu.