Rekodi ya baba yetu pale Heru Juu, na mbio alizozikosa mdogo wangu

Wakuu, salamu kutoka Kibondo. Mvua imegoma kukatika tangu asubuhi, wateja hawaonekani, basi nimekaa na simu.

Nimepitia ule uzi wa wanariadha wa zamani na wa sasa, nikaona watu wanakaribia kushikana mashati. Mmoja anasema wa sasa wanabebwa na viatu vya kisasa na viwanja laini. Mwingine anauliza hao wazee walikuwa wanashindana na nani.

Mimi sina upande. Nina jambo la nyumbani kwetu tu, na nitalisema lilivyo, chumvi nimeiacha jikoni.

Kwetu ni Heru Juu, karibu na Kasulu mjini. Baba yetu, ambaye kwa Kiha tunamwita data, alikuwa mkimbiaji hatari enzi zake za shule. Peku, juu ya nyasi na visiki. Raundi nne za uwanja wa shule, na muda wake hakuna aliyewahi kuufikia. Hata ukienda kununua maharage unaulizwa, "We si mtoto wa yule wa raundi nne?"

Na mjue huku kwetu mbio hazina mita. Mbio ni raundi. Ukiuliza umbali unaambiwa raundi nne, mjadala umeisha.

Sasa mdogo wangu Leokadia akatokea kuwa na miguu ya baba yake. Kwenye kile kilima cha kwenda mjini, bodaboda iliyopakia watu wawili alikuwa anaiacha. Kocha wa timu ya mkoa akamwona kwenye mashindano ya shule, akamwita kambini Kigoma mjini.

Nyumbani tulifurahi sana. Data naye alifurahi, ila akaweka sharti.

"Kwanza upite muda wangu. Uwanja uleule, raundi zilezile. Sitaki uende ukaaibike mbele za watu."

Wakuu, hakusema kwa ubaya. Huyo binti alimpenda kuliko sisi wote. Kuna kijana wa jirani aliwahi kuitwa kama hivyo, akarudi mikono mitupu, watu wakamcheka mpaka akahama kijiji. Data aliogopa hilo.

Basi ikawa kila jioni. Data kasimama golini na saa yake ya mkononi, Leokadia anazunguka. Anafika, anainama, anahema.

"Bado, mwana wanje," yaani mwanangu.

Kesho yake tena, bado.

Na mzee kwa maneno hajambo. "Sisi tulikimbia kwenye mashimo! Ninyi mmesawazishiwa uwanja kama meza, raba mnavaa, na bado! Huo ugali wenu una nini?" Tunacheka. Hata Leokadia alikuwa anacheka, siku za mwanzo.

Hapo kwenye kusawazishiwa niwaeleze kidogo. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kuna mkandarasi wa barabara aliwahi kuegesha mitambo yake pale shuleni. Alipomaliza kazi akatoa shukrani kwa kupitisha greda uwanjani, akajaza udongo upande wa bondeni, akaupanua mpaka akala kipande cha shamba la mihogo la shule. Data hakuwepo. Miaka hiyo alikuwa mlinzi kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nyumbani anakuja mara mojamoja; alipohamishiwa karibu na nyumbani aliona uwanja umesawazishwa tu, kwamba umepanuliwa hakujua. Sisi tulikuwepo, tukashangilia kupata uwanja mkubwa wa mpira.

Mbio hakuna aliyeziwaza. Raundi ni raundi.

Siku za kambi zikapita. Kocha alipiga simu mara ya mwisho, data akamjibu kwa heshima zote kwamba mtoto hajaiva.

Leokadia aliniambia jioni ile, "Kaka, labda kweli mie si kitu." Raba akampa binti wa jirani. Baadaye akaolewa huku Kibondo, na sasa anauza unga wa muhogo sokoni, si mbali na duka langu la pembejeo. Sijamwona akikimbia tena, hata mvua ikimkuta njiani anatembea tu.

Mwaka huu mvua zikakwangua udongo wa ule upande wa bondeni. Vijana wakawa wanajikwaa kwenye kinundu ndani ya uwanja, wakaamua kukichimbua. Data, ambaye siku hizi amestaafu, akaenda kuwasaidia.

Kuchimba kidogo, kumbe ni kisiki cha nguzo ya goli la zamani, na saruji yake. Saruji ile data anaijua. Waliichanganya wenyewe wakiwa wanafunzi.

Akatazama kisiki. Akatazama goli la sasa, lile kule mbali. Akaanza kuuzunguka uwanja wake wa zamani kwa miguu, akamaliza, akauzunguka wa sasa. Vijana walidhani mzee kachanganyikiwa na jua.

Mtoto wake alikuwa anakimbia raundi nne ndefu kuliko zake, na bado alikuwa anaukaribia muda wake.

Kesho yake akapanda gari kuja Kibondo. Alipita mbele ya duka langu bila hata salamu, ikabidi nimfuate. Akaenda moja kwa moja kwa Leokadia, akamweleza yote akiwa amesimama, wateja wanasikia.

"Ulinishinda, mwana wanje. Ulinishinda zamani. Nisamehe."

Sikuwahi kumwona baba yangu akilia. Siku ile alilia katikati ya soko, na mimi nilikosa pa kuangalia.

Leokadia akamkalisha juu ya gunia, akampangusa unga uliomshika begani. Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo.

"Data," akasema, "mie sikuwa nashindana na wewe. Nilikuwa naomba ruhusa."

 

Wakuu, bishaneni kuhusu wa zamani na wa sasa, ni burudani, ila nilichojifunza ni kwamba uwanja upimwe kwanza kabla ya mtu kuambiwa bado. Karibuni mnipinge, mnishauri, mseme na yenu.

Lakini kama kuna mtoto hapo nyumbani anasubiri neno "nenda" kutoka kwako, mwambie kwanza. Komenti utaweka ukirudi.