Joto la Gari la Spoti

Nakumbuka siku lile bomba jipya la moshi lilipofika Mbeya. Mwanangu, ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa fundi kijana, kifua mbele, akili nyuma. Gari lenyewe lilikuwa la Mzungu mmoja, mkulima wa kahawa kule Mbozi: gari dogo la spoti la viti viwili, la kabla ya vita, paa lake turubai. Bomba la zamani lilikuwa limeliwa na kutu. Dereva wa gari hilo alikuwa mdogo wangu Ambakisye, aliyenifuata kuzaliwa.

Gereji ilikuwa ya Mzee Sanga, Mkinga asiyependa maneno mengi. Aliniachia kazi ile peke yangu, nami nikavimba kichwa.

"Usikaze upande mmoja," aliniambia. "Kidogo huku, kidogo kule. La sivyo gasketi itapasuka."

Gasketi, kama hujui, ni kile kipande chembamba kinachokaa kwenye maungio ya bomba ili moshi usipenye. Kutoka Ulaya ilikuja moja tu. Haraka haraka haina baraka. Nilikaza upande mmoja, nikaisikia ikipasuka.

Pale ndipo nilipopaswa kusema, mwanangu. Badala yake nilikata kipande cha kadibodi kutoka kwenye boksi la vipuri, nikakipachika, nikakaza nati. Mzee Sanga akaja kuinama juu ya shimo la gereji nilimokuwa nimesimama chini ya gari.

"Gasketi imekaa?"

"Imekaa, Mzee."

Akaniamini. Gari likanguruma vizuri, nami nikajiona bingwa wa Mbeya nzima. Kadibodi ile sidhani kama ilimaliza hata saa moja kabla ya kuungua.

Wiki moja baadaye Ambakisye alirudi kutoka Iringa. Ilikuwa Julai, na baridi ya mwezi huo unaijua. Alikuja gereji mbio kunishukuru.

"Ndaga fijo, kaka! Siku hizi gari lina joto miguuni, hata koti sivai. Ila kichwa tu kinanigonga."

Mzee Sanga aliweka tupa yake chini. "Gari lile halina jiko," alisema. "Joto linatoka wapi?"

Nilijua. Nilijua, mwanangu! Moshi ulikuwa unapanda kupitia mbao za sakafu. Lakini kusema joto linatoka wapi kulikuwa ni kukiri kwamba nilidanganya. Nikajiambia nitatafuta gasketi kimyakimya, niibadilishe akirudi safari ijayo. Mdogo wangu nikamwambia anywe maji mengi, kichwa kitapoa. Huo ndio ushauri wa mwisho niliompa.

Safari iliyofuata, asubuhi, ukungu ulimzuia karibu na Makambako. Akaegesha kando ya barabara, akafunga turubai lote, akaacha injini iwake apate joto. Dereva wa lori alimkuta ameegemea mlango, gari bado linanguruma. Alidhani amesinzia, kumbe ule moshi ulikuwa umeshamuua.

Tulimzika nyumbani Tukuyu. Mama aliwaambia waombolezaji, "Afadhali mwanangu hakufa kwa baridi. Kaka yake alimtengenezea gari lenye joto." Watu wakanishika mkono, wakanipa pole na sifa pamoja. Mama ameingia kaburini akiamini hivyo.

Mzee Sanga alilifungua lile bomba mwenyewe. Akanitia mkononi kipande cha kadibodi kilichoungua, akaenda zake. Angenitukana, labda ningepona.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hakikuniumbua. Kilimchukua mwingine, kikaniacha na heshima yangu, na heshima hiyo nimeichoka. Mchungaji ameniambia mara nyingi kwamba nimesamehewa. Namshukuru, narudi nyumbani, na bado nalisikia lile gari.

Basi, mwanangu, ukivunja kitu, sema umevunja, siku ileile, kwa mdomo wako. Watakucheka wiki moja, kisha watapata mwingine wa kumcheka. Na mtu akikushukuru kwa jambo unalojua ni kosa lako, mkatishe palepale, hata kama watu wanasikiliza. Usimwache aondoke anafurahi.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri. Na wote watakaosafiri wakitegemea kazi ya mikono yako, awafikishe nyumbani wakiwa hai.