Nilivyovunjisha zege Turiani kwa sababu ya setting moja ya mtetemo

Wakuu, heshima kwenu. Hii imenikuta mwenyewe na siongezi chumvi, maana hata bila chumvi inaniaibisha vya kutosha.

Mimi ni injinia, naishi Mafiga. Nina laptop, sensor ya kupima mtetemo wa mashine, na kadi zilizoandikwa "Consultant".

Msimu wa mavuno uliopita, tajiri mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Turiani akaniita. Mashine inatetemeka vibaya, na wakulima wamejaa uwanjani na magunia.

Mama Zuhura, anayeiendesha mashine ile miaka yote, akaniambia kelele inatoka kwenye beringi ya feni. Nikamjibu kwa ile heshima ya uongo, sawa mama tutaangalia, nikabandika sensor kwenye mashine, nikafungua laptop.

Grafu ikaonyesha mlima mmoja mnene kwenye kasi ya mota, umetanuka kote kote. Dalili ya beringi, hakuna. Nikatangaza, tena kwa Kiingereza, kwamba msingi wa zege chini ya mashine umelegea.

Tajiri alizipenda zile rangi za grafu. Akaamuru zege livunjwe.

Siku tatu wakulima wananiangalia tu. Zege jipya likamwagwa, likakauka, mashine ikawashwa.

Mtetemo uleule.

Ndipo Consultant akakumbuka kusoma settings za programu inayochora grafu. Sehemu ya window imeandikwa "Rectangular". Yaani sijaweka window yoyote.

Kwa wasiojua: kompyuta inakata kipande kifupi cha mtetemo na kudhani kinajirudia bila mwisho. Ncha zake zisipokutana vizuri, nguvu ya wimbi kubwa inavuja na kuyafunika mawimbi madogo ya jirani. Window function inazififisha zile ncha, na uvujaji unapungua sana.

Nikachagua window iitwayo Hann, data ileile. Mlima ukakonda. Pembeni kikachomoza kilele kidogo, palepale unapotarajiwa mtetemo wa beringi ya feni.

Nikamfuata Mama Zuhura. "Shikamoo mama. Ni beringi."

"Marahaba. Kumbe na kompyuta nayo imesikia?"

Tukaifungua, gololi zimelika kabisa. Ikabadilishwa, mashine ikatulia, foleni ikaanza kusogea.

Tajiri mpaka leo anasifia ule msingi mpya. Sijamsahihisha.

Nilichojifunza: kagua window kabla hujafungua mdomo. Na anayeshinda na mashine kutwa nzima, msikilize kwanza, vyeti vyako vitasubiri.

Haya, na wewe sema: umewahi kumpuuza nani kazini ukaja kuumbuka? Matusi pia napokea, ila yawe ya kitaalamu.